Mrudisheni Lucius Tumcheke

"Bado hujanijibu," Verlene alimwambia Cordell. "Kama aliyefungwa ni Lucius, mbona anayetumikia kifungo ni mimi?"

Alikuwa amesimama kwenye ngazi za mlango wake, kashika sahani ya mayai yaliyopoa. Mama Ernestine, mama yake Lucius, kayarudisha tena. Bibi ana miaka themanini na kitu, meno hana, ila maneno anayo yote. Alisema hawezi kula mayai yaliyokaangwa na mtu mwenye hasira. Na ukweli ni kwamba yalikaangwa na mtu mwenye hasira.

Cordell, mzee wa nyumba ya pili, zamani alikuwa anasambaza barua, sasa kastaafu na kazi yake ni kujua mambo ya watu. Alikuwa anamwaga chumvi kwenye ngazi zake barafu iyeyuke. Hakuinua hata uso.

"Si wewe mwenyewe uliita polisi, Bi Verlene? Ulipiga simu mimi nikiwa hapahapa. Ukasema mfungeni."

"Nilisema wamfunge yeye. Sikusema wanipe mama yake."

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa umefika, na ulikuwa umeanza tangu theluji ile kubwa ya Januari.

Verlene Tuggle ni mtu wa Filadelfia ya kaskazini, kazaliwa nyumba hiyohiyo, kaolewa bwana akahamia humohumo, kamzika bwana, bado yumo. Kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali, mashine kubwa kama chumba, mvuke usoni kutwa nzima. Akirudi nyumbani ni mwenyekiti wa mtaa. Cheo hakina mshahara. Ni kuhakikisha kila mtu anafagia mbele ya mlango wake, kuomba kibali cha kufunga barabara siku ya sherehe ya mtaa wakati wa kiangazi, na kugombana. Kwenye kugombana hana mpinzani. Majirani walimchagua kwa sababu hiyo, na walipochoka naye wakataka kumtoa, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kwenda kumwambia.

Sasa, kule theluji ikianguka ya maana, magari yote yanazama, unaona vilima vyeupe tu mtaa mzima. Kila mtu anachimbua lake. Ukishachimbua, ile nafasi ni yako, unaweka kiti cha jikoni katikati, na anayekiondoa anatafuta balaa. Watu wa huko unaweza ukamchukulia mtu mke akaja kukusamehe, lakini sehemu ya gari hakusamehi.

Lucius Pettway anakaa ng'ambo ya barabara na huyo mama yake. Jamaa wa hamsini hivi, mbeba fanicha, mgongo kama mlango, hasira karibu. Zamani aliwahi kumpiga mtu baa, akapewa kifungo cha nje, na kilikuwa hakijaisha. Asubuhi ile alitoka na beleshi akaenda kwenye kilima kilichokuwa pale anapoegesha siku zote, akaanza kuchimba. Alichimba, bwana. Alichimba mpaka koti akavua, jasho linafuka moshi kwenye baridi ile. Verlene alikuwa anamwangalia dirishani, machozi yanamlengalenga, kwa sababu lile lilikuwa gari lake yeye Verlene. Jana yake alikuta nafasi ya Lucius iko wazi akaegesha. Magari yao yanafanana, yote madogo, yote ya kijivu, yote mabovu. Verlene akajisemea, kumbe huyu mtu ana moyo, kaona mwenyekiti ni mjane, kaamua kumsaidia. Akamtolea kahawa. Lucius akapokea, akashukuru, akaona ni ujirani tu.

Basi gari likatoka lote, linang'aa, Lucius akasimama na kikombe chake akiitazama kazi ya mikono yake. Verlene akatoka na mkoba wa kazini, akamwambia Mungu akubariki, akaingia, akawasha gari.

Lucius hakuelewa. Kichwa kilikuwa kinakataa. Cordell ndiye aliyemsaidia kuelewa, kutoka dirisha la juu.

"Lucius, kaka," akamwita. "La kwako ni lile kule kwenye kona."

Na akacheka. Madirisha yote yakacheka. Lucius akanyanyua beleshi akalishusha kwenye kioo cha nyuma cha gari la Verlene, na Verlene yuko ndani.

Hapo kicheko kilikatika. Vioo vilimmwagikia Verlene kwenye nywele, kwenye kola, mpaka ndani ya viatu. Hakuumia. Lakini alijikunja chini ya usukani akingoja pigo la pili, na lile pigo ambalo halikuja ndilo lililomkaa. Wiki nyingi baadaye, akisikia tu chuma kikikwaruza sakafu kule dobini, mabega yanampanda mpaka masikioni. Ndiyo maana aliita polisi. Ndiyo maana alisema wamfunge. Usimlaumu, hata wewe ungesema.

Walimchukua. Kwa sababu ya kile kifungo cha nje, dhamana hakupata, akawekwa mahabusu kungojea hukumu. Na asubuhi ya kwanza tu Mama Ernestine akavuka barabara na slipa zake kwenye theluji, akagonga kwa Verlene.

"Binti," akasema, "mwanangu alikuwa ananipikia saa moja. Sasa ni saa mbili."

Ungefanyaje? Verlene akapika. Kuanzia hapo anapika asubuhi kabla ya kazi, anakata kucha za bibi, anamtafutia kituo cha tivii, anamsikiliza akieleza jinsi Verlene alivyokuwa mtoto mbaya miaka ile. Usiku chali, hoi. Na hakuna ofisi ya serikali iliyomuuliza hata mara moja kama kioo chake kimerudi. Hakikurudi. Alikuwa anaendesha na nailoni nyuma, inapigapiga kama bendera.

Cordell alijaribu kumtuliza. Alimwambia watu wa mji huu ndio waliojenga lile gereza la zamani, lile ambalo siku hizi watu wanalipa kiingilio kuangalia seli tupu, na wenyewe waliamini mtu ukimfungia peke yake na ukuta atafikiri mpaka atubu. Kwa hiyo ampe Lucius muda, yuko huko anatubu.

Verlene akaona bora aende akaione hiyo toba kwa macho yake. Sababu nyingine ilikuwa mayai. Bibi alikuwa hali, anapungua, na mwenye siri ya mayai alikuwa ndani.

Kwenye chumba cha kungojea kule mahabusu alikaa na dada mmoja wa Kipuertoriko, Yesenia, kaja kumwona mumewe. Wakapiga stori. Yesenia akamuuliza amekuja kwa nani. Verlene akamtaja.

"Pettway?" Yesenia akamgeukia mzima mzima. "Yule Kamanda?"

Verlene akauliza kamanda gani. Yesenia akamweleza kwa heshima zote, kama anamweleza habari za mumewe mwenyewe: kwamba Kamanda ndiye yule aliyekutana na gari la mkuu wa polisi limezuia barabara kwenye theluji, akalivunja vioo vyote kwa beleshi, akapigana na askari sita. Mume wake kamsimulia kwenye simu. Kule ndani wanampa nafasi mbele kwenye foleni ya chakula.

Verlene aliita hasira zikaja, zikaja zote, halafu katikati kikamponyoka kicheko puani, akajifanya anakohoa.

Lucius alipoletwa ng'ambo ya kioo alikuwa kanenepa. Akakaa kifalme. Verlene akamuuliza kwanza mayai. Lucius akamwambia unaweka maziwa kidogo na unazima moto kabla hayajaiva, yanajimalizia yenyewe, halafu unakaa naye mpaka ale, huondoki. Alipolisema hilo la kukaa naye alitazama chini kidogo. Kisha Verlene akamuuliza, na mimi je, una la kuniambia? Lucius akaanza. Kwamba alichokozwa. Kwamba kachimbishwa kama punda. Kwamba hata wenzake kule ndani wanasema alionewa.

"Wenzako gani?" Verlene akauliza. "Wale wa Kamanda?"

Ufalme wote ukamtoka, jamaa akateleza chini kwenye kiti.

Kwenye basi la kurudi Verlene alikuwa anaongea peke yake mpaka abiria wa pembeni akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa anapiga hesabu ya kichwa. Alitaka Lucius afungwe ili aone haya. Sasa haya utaziona wapi, kama uko mahali ambapo hakuna anayejua ulichofanya? Mtu mzima kachimba gari la mwenzake asubuhi nzima, kanywa na kahawa ya mwenye gari, halafu akalipiga beleshi gari na mama mtu mzima yumo ndani. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Na serikali imeichukua hiyo aibu, imeifungia mbali, imemvalisha ukamanda juu yake. Wanamlisha, wanamlinda asionwe na watu wanaomjua. Hawajamwadhibu. Wamemficha.

Siku ya hukumu alivaa kofia yake ya kanisani, ile yenye manyoya. Kesi yenyewe haikuwa na ubishi, Lucius alikuwa amekiri. Kilichobaki ni adhabu tu, na mwendesha mashtaka, dada kijana anaitwa Pilarski, aliomba apelekwe gereza la jimbo, kule mbali milimani, miaka miwili. Alijieleza vizuri, tuseme ukweli. Alisema aliyeumiza lazima naye apoteze kitu, wengine waone waogope, mtaa upumzike, na yeye mwenyewe apate muda wa kujirekebisha. Wakili wa Lucius akasema mteja wake ana mama mzee. Mama mzee alikuwa benchi la mbele anakula pipi.

Jaji Iturrino akauliza kama aliyetendewa ana neno. Kawaida, aliyetendewa hayupo. Yuko kazini, au anaogopa, au hajui kama anaruhusiwa. Safari hii alikuwepo, na kofia.

"Mheshimiwa," Verlene akasema, "sikuja kumtetea. Wakili anaye, amtetee. Mimi nataka aadhibiwe. Shida yangu ni kwamba hajaanza."

Jaji akamwambia mshtakiwa yuko mahabusu tangu Januari.

"Najua. Nimeenda. Anaitwa Kamanda."

Akaeleza yote. Alipofika kwenye askari sita, karani alikuwa kafunika mdomo na faili. Jaji akamgeukia Lucius, akamuuliza ni kweli amewaambia wenzake lilikuwa gari la polisi. Lucius akaangalia viatu vyake.

"La mkuu wa polisi, Mheshimiwa."

Jaji akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Akamuuliza Verlene sasa anataka nini.

"Mrudishe mtaani. Pale tunamjua. Kila akitoka na beleshi mtu atamuuliza, Lucius, una hakika ni lako? Watoto watamuuliza. Mchungaji atamuuliza. Hiyo ndiyo adhabu, na haina msamaha wa mwenendo mwema."

Na hapo Lucius mwenyewe akasimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, kama inawezekana, mimi naomba jela. Hawa watu huwajui."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Hata askari aliyekuwa mlangoni aligeukia ukuta. Ni Pilarski peke yake ambaye hakucheka, na alipopata nafasi akauliza swali ambalo mimi mwenyewe lingenikalisha chini. Akasema kicheko ndicho kilichomfanya huyu bwana anyanyue beleshi. Leo unamrudisha kwenye kicheko kilekile. Kesho akilishusha kwenye kichwa?

Manyoya ya kofia ya Verlene yakatulia. Alipoongea sauti ilikuwa imeshuka, siyo ile ya mwenyekiti.

"Binti yangu, mimi ndiye niliyekuwa ndani ya lile gari. Mpaka leo nikisikia chuma kikikwaruza najikunja. Usifikiri sijaliwaza hilo. Lakini nikuulize na wewe. Miaka miwili akae na watu wanaomwita Kamanda, halafu atoke, maana atatoka, arudi ng'ambo ya barabara yangu, na Cordell amcheke, kwa sababu Cordell hawezi kujizuia. Siku hiyo atashika nini? Kama ni mtu wa kuua, mfunge, nilale. Sitasema neno. Lakini huyu ni mtu asiyejua kuchekwa, na hiyo jela haifundishi. Kule hamna anayemcheka."

Pilarski akaandika kitu. Akasema basi yeye anaomba angalau Lucius asiachiwe hivihivi, awe na masharti makali, na hasira zake zishughulikiwe na watu wanaojua. Verlene akasema hapo ameongea, hilo yeye haliwezi, yeye mwenyewe hasira zinamshinda.

Jaji alimaliza hivi: kifungo cha nje kinaongezwa, na masomo ya kudhibiti hasira kila wiki. Kioo atalipa yeye. Theluji ikianguka atasafisha mtaa wote, pande zote mbili, akianzia kwa Verlene. Na atasimama mbele ya mkutano wa mtaa aeleze alichofanya, chote, bila kuongeza askari. Akinyanyua tena kitu juu ya mtu, anaenda milimani bila mjadala.

"Nitamleta mwenyewe," Verlene akasema.

Mama Ernestine akauliza kwa sauti kama sasa wanaweza kwenda kula.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, na haujawahi kuitishwa mkutano wa mtaa ukajaa vile. Watu ambao hawajawahi kutokea hata siku ya usafi walikuja na viti vyao. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, kulikuwa na keki ya viazi vitamu, kama harusi. Lucius akasimama mbele, mgongo wote ule na hana pa kuuweka. Akaanza kwa kusema magari yale yanafanana sana.

"Ongea vizuri," mama yake akamwambia. "Huku nyuma hatusikii."

Akaanza upya. Akaeleza kuchimba. Watu wakawa wanajiuma midomo. Akaeleza koti alivyolivua. Akafika kwenye kahawa, akasema, "Basi Bi Verlene akaniletea kahawa, nikamwambia asante," na hapohapo mwenyewe akasikia alichokisema. Ukamwona uso unapigana, unapigana, unashindwa. Akacheka. Akacheka mpaka akashika meza, na ukumbi mzima ukaachia, Cordell akatolewa nje apate hewa.

Walipotulia, hakukaa. Akamtafuta Verlene kwa macho.

"Ila la kioo, Bi Verlene, hapo sina utani. Nilikuona ulivyojikunja. Nilikuona, na nikajua ni mimi unayeniogopa. Kule ndani nilisema mambo mengi ili nisikumbuke hilo. Nisamehe."

Hilo ndilo alilolingoja tangu Januari. Serikali nzima na mahakimu wake na seli zake isingeweza kumpa, ni mtu mmoja tu aliyekuwa nalo, na walikuwa wanataka kumpeleka nalo milimani. Verlene akamwambia akae ale, na kwamba kesho saa moja anamtaka jikoni kwa mama yake, kwa sababu yeye Verlene atakuwa amelala.

Alilala mpaka mchana. Lucius akachekwa mwaka mzima, bado anachekwa, na hasira inampanda, unaiona shingoni, halafu inashuka. Masomo anaenda. Siku moja alikosa, Verlene akampigia msimamizi wa kifungo chake cha nje simu kabla hajafika nyumbani, kwa hiyo hakosi tena.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa. Kuna mtu kakuibia, kakuvunjia, kakupiga, kesi iko mahakamani, na wewe umekaa nyumbani unasema serikali itajua cha kumfanya. Serikali inajua kufunga, basi. Haijui unachodai wewe. Uliza tarehe ya hukumu. Omba ruhusa kazini, vaa vizuri, nenda, na ukiulizwa kama una neno, simama useme unataka akulipe nini. Ukitaka afungwe, sema afungwe, lakini sema wewe, kwa mdomo wako. Usikae nyumbani. Nenda.